NAS imegoma, diski mbili zimetoka kwenye RAID 5, video za harusi zote zimo humo. Nifanyeje?

Mama Lensi:
Wakuu habari za jioni, naomba msaada wa haraka maana hapa usingizi hauji. Tuna studio ndogo ya video hapa Mwanza, harusi, send-off, kipaimara, makongamano ya makanisa, na kazi zote zinakaa kwenye NAS (boksi la diski la kuhifadhia mafaili kwenye mtandao wa ofisi) ya trei nne, diski nne za 4TB, RAID 5 (diski zote zinafanya kazi kama moja), imejaa kama 8TB hivi. Diski namba 3 ilishawaka taa nyekundu tangu kipindi cha Pasaka, NAS ikawa inasema degraded, yaani kundi pungufu, lakini kazi zinaenda kama kawaida, bosi akasema msimu wa harusi uishe kwanza ndo tununue nyingine. Diski mpya imeshanunuliwa, 4TB pia, ipo kwenye boksi lake haijafunguliwa hata nailoni. Sasa juzi usiku umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena, asubuhi nafika ofisini nakuta NAS inalia pii pii pii, folda hazifunguki, nikiingia kwenye ukurasa wake inasema volyumu imekufa. Diski 1 na 4 kijani, diski 2 nayo sasa imetoka, diski 3 ile ile nyekundu.

Fundi mmoja kaja kaangalia, anasema tuchomeke ile diski mpya tubonyeze kitufe cha kurepea itajijenga yenyewe, ikigoma tuanze upya. Hapo kwenye kuanza upya ndo nikamwambia subiri kwanza. Kuna harusi ambazo wateja bado hawajapewa kazi yao, na bibi harusi huwezi kumwambia arudie kuvaa shela. Je hizi data zinapatikana au ndo basi tena?

Kipara wa Sinza:
Bekapu mnayo?

Mama Lensi:
Ingekuwepo ningekuwa nimelala saa hizi kaka.

Dulla_255:
Pole sana. Toa hizo diski moja moja chomeka kwenye PC ya Windows, ikikuuliza initialize disk bonyeza OK halafu piga chkdsk, mimi flashi zangu nyingi nimeziokoa hivo

Kibatari:
Dulla hapana hapana hapana. Dada usifanye hilo hata kwa bunduki. Windows haiijui hiyo RAID, kwake diski inaonekana haina kitu ndo maana inaomba kuiinitialize, ukikubali inaandika jedwali jipya la partisheni juu ya lile la zamani. Chkdsk ni ya mafaili ya Windows, ndani ya NAS yako karibu hakika kuna Linux, hizi box nyingi zinatumia ile RAID ya kawaida ya Linux iitwayo mdadm, juu yake LVM (inayogawa nafasi), juu yake ext4 au btrfs (mifumo ya mafaili ya Linux). Na hiyo ni habari njema kwako, maana yake hata box lenyewe likifa kabisa diski zinasomeka kwenye kompyuta yoyote yenye Linux. Synology wenyewe wameweka mwongozo rasmi wa kusoma diski zao kwa Ubuntu, sio uchawi.

Sasa kwa leo fanya haya tu: zima NAS, zima kwa utaratibu kama inakubali. Toa diski zote, kila moja ibandike karatasi namba ya trei yake 1 2 3 4 pamoja na serial namba. Usizirudishe humo tena. Halafu ile diski mpya MSIICHOMEKE kwenye NAS. Fundi wako anawaza kurepea, lakini RAID 5 inavumilia diski moja tu kupotea, nyie mmepoteza mbili, hapo hakuna cha kurepea. Hiyo diski mpya ina kazi nyingine muhimu zaidi, itakuwa kopi ya diski namba 2.

Una kompyuta ya mezani yenye sehemu za SATA nne au zaidi?

Mama Lensi:
Ipo ya kueditia, ina sita. Asante sana. Ila naomba nielewe, kama zimekufa mbili kati ya nne na RAID 5 inavumilia moja, kwa nini unasema kuna matumaini?

Kibatari:
Kwa sababu kutolewa sio kufa. NAS ikiona diski imechelewa kujibu inaitupa nje ya kundi, haijali kama ni diski imeoza au kebo imelegea au umeme umeyumba. Nyingi zinazotupwa siku ya umeme mbaya zinasomeka vizuri kabisa au karibu vizuri.

Na RAID 5 yenyewe fikiria kama daftari la kikoba, wanachama watatu na jumla yao. Ukifutika mchango wa mmoja, unachukua jumla unatoa wale wawili, unampata. Wakifutika wawili huna hesabu. Kwa hiyo hatuhitaji diski zote nne, tunahitaji tatu tu, ila ziwe tatu SAHIHI. Diski 3 ilitoka Pasaka, kwa hiyo ina picha ya data ya Pasaka, kila kilichoandikwa baada ya hapo haikijui. Ukiichanganya na 1 na 4 zenye data ya juzi unapata uji. Diski 2 imetoka juzi usiku, iko nyuma kidogo sana. Tunachotaka ni 1, 2 na 4. Diski 3 iweke kabatini usiiguse.

Kesho tengeneza flashi ya SystemRescue (ni Linux ya kuwasha bila kuinstoo, ina zana zote). Chomoa kwanza diski ya kompyuta yako ya kazi isije ikachanganyika. Chomeka 1, 2 na 4, halafu nipe majibu ya hizi:

mdadm --examine /dev/sd[abc]3
smartctl -a /dev/sdX (ripoti ya SMART, yaani afya ya diski; kwa kila moja, weka herufi yake)

Hiyo 3 ni partisheni. Box nyingi partisheni ya 1 ni mfumo wake, ya 2 ni swapu, ya 3 ndo data. Hizi komandi zinasoma tu, haziandiki kitu. Kama Linux ikiwasha RAID yenyewe utaona md127 au md126, zizime na mdadm --stop. Herufi za diski zinaweza kubadilika kila ukiwasha, kwa hiyo angalia serial namba, usiamini herufi.

Mzee wa Luthuli:
Niaje dadangu, pole kutoka Nairobi. Kibatari amesema kweli, nyongeza yangu tu: kama diski yoyote inatoa sauti ya tik tik tik au kukwaruza, wacha hapo hapo, hiyo si kazi ya nyumbani, kichwa cha kusomea kimeharibika na kila dakika unayoiwasha kinaparua sahani. Kama haina sauti endelea.

Mama Lensi:
Hamna sauti yoyote, zote zinazunguka vizuri. Majibu haya hapa, nimefupisha:

Diski 1: Events 48211, Array State A..A
Diski 4: Events 48211, Array State A..A
Diski 2: Events 48196, Array State AA.A

SMART: 1 na 4 safi, kila kitu sifuri. Diski 2 ina mstari wa 197 Current_Pending_Sector = 24, na 199 UDMA_CRC = 0. Nimegundua pia diski 2 sio modeli moja na wenzake, hii ilinunuliwa baadae dukani mtaani, ni ya desktop ya kawaida, zile tatu ni za NAS.

Nikaichomeka na 3 peke yake nione tu, Events 31950, tarehe yake kweli ni ya Pasaka.

Kibatari:
Safi sana, hapo umepata jibu lote. Tuisome pamoja.

Events ni namba inayoongezeka kila kundi linapobadilika hali, kila mwanachama anaiandika kwake. Array State ni nani yuko kazini, A ni diski iliyopo, nukta ni iliyotoka. 1 na 4 ziko sawa sawa. Diski 2 imeachwa nyuma kwa 15 tu, yaani ilitupwa nje dakika za mwisho, kilichokosekana ni kidogo mno. Diski 3 imeachwa nyuma kwa zaidi ya elfu kumi na sita, hiyo ndo ile ya Pasaka.

199 ikiwa sifuri maana yake kebo haina kosa. 197 ikiwa 24 maana yake kuna sekta diski imeshindwa kuzisoma inasubiri kuamua. Na hapo ndo inaingia ile habari ya diski ya desktop. Diski ya desktop ikikutana na sekta mbaya inang'ang'ana kuisoma tena na tena, inaweza kumaliza hata dakika nzima na zaidi, inaamini iko peke yake. Linux inasubiri sekunde 30, ikiona kimya inairiseti diski, ikiendelea kuwa kimya RAID inaitupa. Diski za NAS zimewekewa kikomo, kama sekunde 7 hivi inakubali imeshindwa na kutoa taarifa, RAID inaijaza ile sekta kutoka kwa wenzake maisha yanaendelea. Kwa hiyo umeme ulichangia, lakini hata bila umeme hiyo diski 2 ingetoka siku moja tu. Na mngechomeka ile mpya kurepea wakati NAS bado inasoma, rebildi (kundi kujijenga upya) ingelazimika kuisoma diski 2 yote mwanzo mwisho, ingefika kwenye zile sekta 24, kundi linaanguka vile vile.

Sasa kazi ya kukopi, kwa ddrescue, zana ya kunakili diski yenye sekta mbovu. Chomeka diski 2 na ile mpya tu, nyingine zote chomoa:

ddrescue -f -n /dev/DISKI2 /dev/MPYA ramani.map
ddrescue -f -d -r3 /dev/DISKI2 /dev/MPYA ramani.map

Ya kwanza inachukua kila kinachosomeka kirahisi na kuruka pabaya, ya pili inarudi pale pabaya kujaribu tena mara tatu. Chanzo kwanza, halafu mwisho wa safari. UKIGEUZA UNAFUTA DISKI 2. Soma serial mara mbili ndo ubonyeze Enter. Ramani.map iweke kwenye flashi nyingine, isipotee, ukikatika umeme inaendelea ilipoishia. Na tumia SATA moja kwa moja, sio kebo ya USB ya zamani, kwa USB 2 hiyo 4TB itakula zaidi ya siku nzima, kwa SATA ni usiku mmoja.

Kipara wa Sinza:
Na hiyo kompyuta iwe kwenye UPS jamani, tusianze tena

Dulla_255:
Nimejifunza kitu leo aisee. Ila swali, kwa nini tusiiache diski 2 yenyewe tu tukailazimisha kurudi kwenye kundi, kuna haja gani ya kukopi 4TB nzima?

Mzee wa Luthuli:
Dulla, kwa sababu ikifika sekta mbovu ukiwa katikati ya kunakili itatupwa tena, utaanza upya, na kila ukiisoma inazidi kuchoka. Kloni (ile kopi) haina sekta mbovu, pale palipokosekana kunakaa sifuri tu, haigandi. Pia ukiharibu kitu kwenye kloni diski yenyewe bado iko.

Mama Lensi:
Imeisha. Ya kwanza imekwenda usiku kucha, ya pili imechukua muda mrefu kwenye kipande kidogo tu. Mwishoni inasema rescued 99.99%, bad-sector 155648 B. Hiyo ni nyingi?

Kibatari:
155648 gawanya 4096 ni sekta 38. Kilobaiti 152 kwenye 4TB, dada huo ni muujiza tunaoupokea kwa mikono miwili. Kwenye video hiyo ni sekunde moja mbili za mraba mraba hapa na pale, kama sekta zenyewe hazijaangukia kwenye kumbukumbu za mfumo wa mafaili.

Sasa chomoa diski 2 halisi, iende kabatini na 3. Chomeka 1, kloni, na 4. Kabla ya kulazimisha kundi, 1 na 4 ziwekee ovalei kwa dmsetup, kwenye wiki ya Linux RAID maelekezo yapo hatua kwa hatua. Maana yake chochote kitakachoandikwa kinakwenda kwenye faili la pembeni, diski zenyewe haziguswi. Nasema hivi kwa sababu --force inaweza kuandika kwenye vichwa vya diski (maelezo ya RAID yanayokaa kwenye kila diski) hata kama umesema kusoma tu. Kisha:

mdadm --assemble --force --run --readonly /dev/md2 (weka ovalei ya 1, kloni partisheni 3, ovalei ya 4)
cat /proc/mdstat
vgchange -ay
lvs

Kitu kimoja nakuomba. Ukiingia gugo utakutana na watu wanasema tumia mdadm --create na --assume-clean. Usiguse. Create inaandika vichwa vipya, ukikosea mpangilio wa diski au saizi ya chanki au mahali data inapoanzia, umeivuruga, na hao watu hawatakuwepo kukulipia.

Mama Lensi:
mdstat inasema md2 active (read-only) raid5, [4/3] [UU_U], yaani tatu kati ya nne ziko kazini. Mikono inatetemeka. lvs imeonyesha volyumu moja. Nimaunti vipi?

Kibatari:
mount -o ro,noload /dev/JINA_LA_VG/JINA_LA_LV /mnt

noload ni kwa ext4, inazuia isiguse jono yake (daftari lake la mabadiliko). Kama ni btrfs acha noload weka ro tu.

Mama Lensi:
ZIPOOOOO. Folda zote naziona, za mwaka huu, za mwaka jana, hadi za bosi binafsi ambazo sikutakiwa kuziona. Nimefungua harusi ya Jumamosi iliyopita inacheza. Nimelia jamani sio utani. Bosi kaenda kununua diski za nje mbili za 8TB sasa hivi, hajauliza hata bei.

Kibatari:
Hongera. Anza na kazi za wateja ambazo hazijatoka, ndo zifuate zingine, usianze na folda ya kwanza kwa alfabeti. Tumia rsync -avh, ikikwama kwenye faili inaendelea na jingine na mwisho inakutajia lililogoma. Usiburute na mausi.

Mzee wa Luthuli:
Sasa ikishaisha kunakili, hiyo RAID 5 mwiache. Diski tatu za 4TB ukirebildi unasoma 12TB, na karatasi za vipimo za diski nyingi za kawaida zinaandika kosa moja la kusoma kwa kila biti 10 kwa kipeo cha 14, hiyo ni kama 12.5TB. Kimahesabu kila rebildi ni bahati nasibu. Wekeni RAID 6.

Kibatari:
Mzee hiyo hesabu naijua lakini naona inatisha watu kuliko uhalisia, karatasi inatoa kiwango cha chini cha ahadi, diski nzima nzima zinasomwa kila siku bila kosa hata moja. Kilichowaangusha hawa ni kukaa na kundi pungufu kuanzia Pasaka, na kutokupiga skrabu (kusoma diski zote mwanzo mwisho kuzikagua). Skrabu ya kila mwezi ingeziona zile sekta za diski 2 wakati diski 3 bado nzima, zingejazwa zenyewe. Kwa trei nne mimi ningechukua RAID 6 pia, sikatai, nafasi ni ile ile ya RAID 10 na inavumilia diski zozote mbili. Ila RAID 6 bila diski ya nje ya bekapu ni yale yale, mtu akifuta folda inafutika kwenye diski zote nne kwa pamoja.

Na mkinunua diski angalieni isiwe SMR (njia za data zinapandiana kwenye sahani, kuandika upya kunakuwa polepole), chukueni CMR ambayo njia zake hazipandiani. Mwaka 2020 WD walikubali kwamba baadhi ya Red za 2TB hadi 6TB, zile zenye EFAX kwenye modeli, ni SMR bila kuandikwa kwenye boksi, baadae CMR wakaiita Red Plus. SMR kwenye rebildi inaburuta hadi kundi linaiona imekufa. Dukani usikubali kuambiwa "hii ni ya NAS", soma modeli namba halafu itafute kwenye tovuti ya kampuni.

Mama Lensi:
Nimemaliza kunakili. rsync haikulalamika hata faili moja. Ila nitajuaje zile sekta 38 ziko kwenye video gani, au nizitazame zote? Ni masaa mengi sana ya watu kucheza kwaito.

Kibatari:
Kuna njia ya kusaidia kidogo. ddrescue ina --fill-mode, unampa faili lenye maneno yako, mfano SEKTAMBOVU, anasoma ile ramani.map na kuyaandika kwenye kloni kila mahali palipokosekana. Unawasha tena kundi kama mwanzo halafu unapiga grep -rl SEKTAMBOVU /mnt, faili litakalotajwa ndo bovu. Haikamati zote lakini. Pale ambapo kipande cha diski 2 kilitumika kukokotoa kipande cha diski 3, yale maneno yanachanganyika kwenye hesabu hayaonekani tena, na kingine kinaweza kuangukia kwenye nafasi tupu. Kwa zile ambazo hazijaenda kwa wateja pitisha na ffmpeg -v error -i faili -f null - itakuonyesha penye kosa bila wewe kukaa kutazama.

Mama Lensi:
grep imetoa mafaili mawili, ffmpeg imeongeza moja. Mawili ni ya kamera ya pili, kamera kuu tukio lile lile ni zima, naziba tu. La tatu ni mahubiri ya kongamano la mwaka juzi, ilishalipwa.

Bosi kakubali diski nne mpya za NAS, RAID 6, UPS yenye waya wa USB izime NAS yenyewe. Anauliza ile diski 2 baada ya kuifomati tuitumie wapi, na zile mbili nzima za zamani?

Kipara wa Sinza:
Diski 2 mpe Dulla afanyie chkdsk 😂

Dulla_255:
😂😂 naipokea

Kibatari:
Diski 2 msiitumie kwa kazi yoyote ya mteja. 1 na 4 zipigeni smartctl -t long, zikipita ziwe bekapu ya ziada kabatini. Lakini zote msizifute kwanza hadi kazi za wateja ziwe zimekabidhiwa na nakala ya pili ipo. Na mkiwahi kulazimika kuweka tena diski ya desktop kwenye seva, jaribuni smartctl -l scterc,70,70 /dev/sdX, nyingine zinakubali kikomo cha sekunde 7. Ila ikizimwa umeme mpangilio huo unapotea, kwa hiyo iwekeni kwenye skripti inayojiendesha kila seva inapowaka.